Mgongo wa Ruguru na Kuni za Mukami

Mke wangu Ruguru hakuumbwa kwa mambo ya polepole, na baada ya kupasuliwa mgongo, polepole ndiyo ilikuwa dawa yake kuu. Kila asubuhi nilisimama kando ya kitanda mikono ikiwa mbele, kama mtu anayengoja kudaka papai. "Magoti pamoja," nilimwambia. "Bega na kiuno viende safari moja." Alinitazama kwa pembe ya jicho, jicho la mwanamke ambaye maisha yake yote ameamka kabla ya jogoo bila kusimamiwa na mtu. Halafu akajiviringisha ubavu, akateremsha miguu, akasukuma godoro kwa kiwiko, akaketi. Hapo ndipo nilipopumua. Akingoja kizunguzungu kipite, nami nilianza kuogopa upya, maana kinachofuata ni kusimama, na mtu aliyesimama anaweza kuanguka.

Naitwa Njiru, lakini hapa Karurumo jina hilo limebaki kwenye kitambulisho. Mimi ni Baba Mugendi na yeye ni Mama Mugendi, kwa ajili ya kijana wetu. Nilikuwa karani katika kiwanda cha kahawa mpaka nikastaafu. Kazi yangu ilikuwa ya kukaa, na yake ilikuwa ya kubeba.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Kahawa ya shamba letu ilifika kiwandani juu ya mgongo wake, gunia likining'inia kwenye ukanda wa ngozi uliopitishwa juu ya kichwa, karibu na paji la uso. Ukanda huo huku kwetu tunauita mukwa. Maji ya mtoni, nyasi za ng'ombe, kuni, mahindi ya kusaga, Mugendi mwenyewe akiwa mdogo na homa imempanda, vyote vilipanda mteremko huu vikiwa juu ya Ruguru. Wanawake wa rika lake wana alama ya mukwa kichwani, kijibonde chembamba unachokipata kwa vidole chini ya nywele. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi wanaume wa huku hatukujisumbua kumtafuta Mnyamwezi, tulioa.

Mgongo ulipoanza kumuuma alisema ni baridi. Ulipozidi akasema ni godoro. Nikanunua godoro. Kisha maumivu yakateremka pajani, yakafika kwenye wayo, na siku moja nikamwona anatoka zizini akiburuta mguu wa kulia, kandambili imebaki nyuma kwenye matope na yeye hajui kwamba imemtoka. Kilio chake ningekizoea, lakini ile kandambili ilinitisha. Nilimpeleka hospitali Meru bila kumuuliza.

Daktari alituonyesha picha. Kisahani kimoja kilichoko kati ya mifupa ya uti wa mgongo kilikuwa kimetoka mahali pake na kuubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Wakampasua. Mguu ukarudi, si wote, lakini ukarudi. Na daktari yule, mtu wa maneno machache, akatuambia kwamba mshipa ule umeshaumia mara moja, na ukibanwa tena mguu unaweza kwenda na usirudi. Kwa miezi mitatu asiiname, asijipinde, asiinue kitu kizito kuliko birika la chai.

Neno "usirudi" limekaa nami mpaka leo. Ruguru alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akashukuru, halafu akamuuliza kama kukamua ng'ombe nako kunahesabiwa kuwa ni kuinama.

Kwanza tulikaa Kinoru, mjini Meru, kwa Mugendi, kwa sababu nyumba aliyopanga iko chini kabisa na choo chake ni cha kukaa. Alikuwapo Mukami mke wake, mja mzito, tumbo liko karibu na pua. Na kulikuwa na Gatwiri, msichana wa mazoezi ya viungo, ambaye alikuja kumfundisha mke wangu kutembea tena. Alimfundisha kukaa kwenye kiti kirefu chenye mgongo, kugeuka kwa kuzungusha miguu na si kiuno, kupanda ngazi kwa mguu mzuri na kushuka kwa ule mbaya.

"Mum, ukiangusha kitu, hiyo kitu si yako tena," Gatwiri alimwambia. "Wachana nayo."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko."

"Na ikiwa ni pesa?"

"Hata pesa. Itana Baba."

"Huyo nikimwitia pesa hairudi," Ruguru akasema, na wote wakacheka, hata mimi.

Siku moja kijiko kilianguka kweli, jikoni. Mama mkwe hawezi kuinama kwa sababu ya mgongo, mke wa mwana hawezi kuinama kwa sababu ya tumbo. Walisimama wakikitazama kile kijiko na kucheka mpaka Mukami akashika meza. Nikaokota mimi. Nazikumbuka siku hizo kwa wivu, kwa sababu sakafu ilikuwa kavu na kuta zilikuwa karibu, popote alipoyumba kulikuwa na kitu cha kushika.

Karurumo hakuna kuta. Kuna mteremko, na kuna udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha huwa sabuni. Tuliporudi nyumbani nilianza kuliona boma langu kwa macho mengine, nikagundua kwamba nimeishi miaka yote hii katikati ya mitego. Kizingiti cha mlango kilikuwa mtego. Kamba ya ng'ombe ilikuwa mtego. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchutama, na kuchutama ndiko hasa alikokatazwa, kwa hiyo nilimwita fundi akakata tundu kwenye kiti cha mbao, tukakisimamisha juu ya shimo. Ruguru alikitazama kwa muda mrefu. "Sasa mimi ni chifu," akasema. "Hata choo naketia kiti."

Kuku niliwafungia bandani, kwa sababu kuku hupita miguuni bila taarifa. Jirani akaniuliza kama kumeingia ugonjwa wa kideri. Nilimwambia hapana, kumeingia mgongo.

Nilipika. Mwanaume wa umri wangu, mbele ya mafiga, macho yamejaa moshi, huku mwanamke ameketi mlangoni kwenye kiti kirefu akitoa amri. Ugali wangu ulikuwa na madonge na yeye aliyahesabu kwa sauti. Hayo sikuyajali. Nililojali ni mikono yake. Nikigeuka kukoroga, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ndoo. Nikienda zizini, nilirudi nimkute anavuta sufuria kwa mguu. Akikohoa niliacha kila kitu nikamtazama kiuno. Akinyamaza sana, nilimwita kwa kisingizio chochote, ili nisikie tu sauti inatoka wapi na iko juu au iko chini.

Na wageni! Mgonjwa huku haachwi alale. Walikuja na sukari, na unga, na maombi, na kila mmoja wao akiingia alivuta kile kigoda cha jikoni, kifupi, cha kukutia magoti kidevuni, akampisha kwa heshima: "Keti hapa karibu na moto, Mama Mugendi." Nilikipasua kigoda kile nikakitia motoni. Waliona nimerukwa na akili. Ann, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama na rafiki ya mke wangu tangu walipokuwa wasichana, alinicheka waziwazi.

"Baba Mugendi, huyu bibi yako si yai."

"Bora angekuwa yai," nilimjibu. "Yai hukaa linapowekwa."

Kisha Mukami akaja nyumbani kujifungua, kwa vile Mugendi alikuwa kazini kutwa na mjini hakuna wa kumwangalia. Nyumba yao ya hapa kijijini iko juu, ng'ambo ya barabara, kwenye sehemu ya shamba niliyompa Mugendi alipooa. Akajifungua salama hospitalini, mtoto wa kike. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Ruguru alipoambiwa kwa simu kwamba Ruguru mwingine amefika, alifunika uso kwa leso na mabega yakatikisika. Nami nilifurahi, kisha nikaogopa machozi yasimfanye ainame.

Kina mama wa huku mwenzao akizaa humpelekea kuni. Hubeba kwa mukwa, wamepangana mstari, wakiimba na kupiga vigelegele, na kuni hizo ndizo zitakazompashia mzazi maji na kumchemshia uji. Kikundi cha Ann kina sheria yake. Mtoto akibeba jina la nyanya, nyanya huyo hutangulia mbele ya mstari, na mzigo wake ndio wa kwanza kutua mlangoni. Uji wa kwanza huchemshwa kwa kuni zake. Siku ilipopangwa mimi nilijua anachokusudia, na Ruguru alijua kwamba najua, na kwa siku nzima hakuna aliyeligusa jambo hilo.

Mwishowe nilishindwa. "Utakwenda kumwona mtoto kwa gari," nilisema. "Nitatafuta gari lipande mpaka mlangoni."

"Nitatembea na wenzangu."

"Mikono mitupu?"

"Ann amesema watanifungia vijiti vidogo."

"Vidogo ni vipi?"

"Vya kuonekana."

"Daktari alisema birika, mama! Birika la chai!"

Akaweka mikono yake magotini, akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtu mzito wa kuelewa. "Daktari alisema nisiinue. Siinui, Ann ataniwekea nikiwa nimesimama. Alisema nisiiname. Siinami kuokota hata kijiti. Na mukwa ni wa kichwa, Baba Mugendi. Uzito unashikwa na kichwa na shingo. Mgongo ni pa kuegemeza tu. Ungebeba hata siku moja ungejua."

Hapo alinimaliza. Kweli sikuwahi kubeba. Mwanaume wa huku hubeba begani, au hubeba kwa baiskeli, au habebi. Mukwa hatuugusi. Nilikuwa na hasira tele, kwa hiyo nilimpigia Gatwiri simu na kuweka sauti juu ili wote tusikie.

"Mum, hapana, please," Gatwiri alisema. "Hiyo mukwa inavuta shingo, na ndio usianguke nyuma lazima uiname mbele. Mgongo yote inakunjika. Hiyo ndio place walioperate."

"Sawa, mama, nimesikia," Ruguru akajibu kwa sauti tamu. Simu ilipokatika akanigeukia, kwa miguu, kama alivyofundishwa. "Huyo msichana amelelewa mjini, Kaaga, kwa maji ya mfereji. Kuni ameziona wapi?"

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia.

Halafu akasema, bila ukali, "Mtoto anaitwa mimi. Mwingine akitua mzigo wa kwanza, watasema yule Ruguru wa zamani amekwisha. Na watasema kweli." Aliyasema hayo akitazama mikono yake, na mimi nikataka kumwambia kwamba hajakwisha, lakini nilitaka zaidi aape. Aliapa. Atangoja gari. Aliapa haraka mno, na hilo lilininyima usingizi.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Nilimweka kwenye kiti chake, fimbo nikaiegemeza pajani mwake, nikamwambia napeleka maziwa na kumwona mwenye gari, sitachukua muda. Mwenye gari alinichelewesha. Alitaka kumaliza chai. Nilimngoja nikiwa nimesimama mlangoni kwake, nikitazama njia ya kwetu, mpaka nikamwacha na chai yake na kurudi.

Kiti kilikuwa kitupu. Fimbo ilikuwa imesimamishwa ukutani vizuri, jinsi mtu anavyoacha kitu asichokihitaji. Nikaangalia nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari wa mukwa. Msumari ulikuwa mtupu pia. Nikasikia vigelegele huko juu, barabarani.

Mimi si mtu wa kukimbia. Nilikimbia, na mabuti ya mpira yakinipiga mashavu ya miguu, mkebe wa maziwa bado uko mkononi. Nilipofika kwenye kona ya barabara niliwaona wakiwa wameshavuka na kuingia kwenye njia ya kupanda kwa Mugendi, mstari mrefu wa kina mama walioinama chini ya mizigo. Mbele yao wote alikuwa Ruguru. Walimfungia vidogo kweli, mafungu ya vijiti ambavyo mtoto angebeba. Lakini alikuwa ameinama kama wengine. Mukwa uko kichwani, shingo imenyooka mbele, mgongo umekunjika pale pale, chini, mahali penye kovu.

Nikafungua mdomo nimwite, na sauti ikanifia. Nikimwita atageuka. Namfahamu. Akiitwa na mimi hugeuka mara moja, kichwa na bega kwanza, miguu ikibaki ilipo, na sasa kichwani ana mzigo unaomvuta nyuma na chini ana utelezi. Jina lake lilikuwa kwenye ulimi na sikuthubutu kulitamka. Ann, aliyekuwa wa pili, angeweza kugeuka badala yake, lakini nikimwita Ann, Ruguru naye atataka kujua kuna nini. Nilisimama pale na mdomo wazi, nikimtazama mke wangu akipanda. Kisha nikauona mguu wa kulia. Wa kushoto ulikanyaga. Wa kulia ulivutwa, ukaacha mfereji mwembamba kwenye matope, ukavutwa tena.

Niliutupa mkebe, nikaingia kwenye kahawa. Kati ya mistari ya mibuni mteremko ni mkali zaidi lakini njia ni fupi, na nilipanda kwa mikono na miguu, matawi yakinichapa usoni, nikiomba kwa sauti. Sikuomba kwa adabu. Nilimwambia Mungu kwamba amemtumikisha mwanamke huyu vya kutosha na amwache na mguu mmoja. Maana yangu ilikuwa miguu miwili, lakini pumzi haikuwapo ya kurekebisha. Nikatokea juu yao, njiani, mbele ya uso wake, nimejaa matope na majani.

Mwanaume hasimami mbele ya mstari ule. Wimbo ulikatika. Ruguru aliona mabuti yangu kwanza, kwa sababu mwenye mukwa huona chini tu.

"Usiinue kichwa," nilisema. "Usigeuke. Simama hivyo hivyo."

"Baba Mugendi, unaniaibisha."

"Nakuaibisha. Ann, shika kuni kutoka nyuma. Shika zote, uzito wote uwe kwako."

Ann alitaka kucheka, kisha akaniona uso na hakucheka. Akashika. Nilitia vidole chini ya ukanda, nikauinua kutoka kwenye nywele zake, na nikasikia shingo yake ikitetemeka. Akajinyoosha kidogo kidogo, mkono mmoja kwenye bega langu. Alikuwa ameuma mdomo na machozi ya hasira yalikuwa yamejaa. "Sasa mzigo wa kwanza utaletwa na nani?" alinong'ona. "Utaletwa na nani?"

Sikuwa nimefikiria mpaka hapo. Nilikuwa nimefikiria kuutoa tu. Wanawake wote walikuwa wananitazama kutoka chini ya mikanda yao, na mvua ilianza kukaza. Kuni zile hazingeweza kuachwa njiani, na hakuna kati yao ambaye angezibeba na kumpokonya nyanya mahali pake. Nikageuka nikampa Ann mgongo.

"Niwekee."

"Wewe?"

"Niwekee, mama, kabla sijapata akili."

Walicheka basi. Walicheka mpaka mizigo ikagongana, na mmoja wao akapiga kigelegele cha kunisuta, na hiyo habari ilifika sokoni kabla yangu. Lakini Ann aliniwekea, na mukwa ukakaa juu ya kichwa changu kisichokuwa na kijibonde chochote. Nikapiga hatua ya kwanza. Ukanda ulinivuta nyuma, nikainama mbele ili nisianguke, na hapo hapo uzito wa vijiti vile vya kitoto ukaacha kichwa, ukapita shingoni, ukateremka uti wote wa mgongo na kutua kiunoni, ukakaa. Si kichwa kinachobeba. Hakijawahi kubeba. Niliwaza magunia ya kahawa na nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Ruguru alitembea kando yangu, ameshika kiwiko changu. Nilitaka kumtazama uso nijue anasikia maumivu gani, lakini mukwa haukupi nafasi hiyo. Nilichoweza kuona ni ardhi, mabuti yangu, na mguu wake wa kulia. Basi niliutazama huo njia nzima. Ulikuja, ukaburutwa, ukasita kwenye jiwe dogo, ukaburutwa juu ya jiwe. Kila nilipoona ncha ya kiatu ikikwaruza udongo nilijiambia ni utelezi. Kina mama walianza kuimba tena nyuma yetu. Yeye naye aliimba, sauti iko sawa kabisa, na mkono wake kwenye kiwiko changu ulikuwa unanibana zaidi na zaidi.

Nilitua kuni mlangoni kwa Mukami na Ann akatangaza kwamba ni mzigo wa Ruguru, umeletwa na punda wake. Uji ukawekwa. Mukami, mtoto mwenye akili, alikuwa ametayarisha kiti kirefu na mto wa kuwekea mapajani, akamkalisha mama mkwe wake, akamweka mtoto juu ya mto bila mtu kuinua chochote. Ruguru alimtazama Ruguru. Mtoto alikuwa na nywele nyingi na sura ya mtu aliyeudhiwa, na Mukami akasema, "Mama, ni wewe kabisa." Chumba chote kilicheka. Ningetaka kusimama pale na kufurahi kama watu wengine.

Badala yake nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikafungua kamba za kiatu cha kulia, nikavua soksi iliyolowa. Kina mama walidhani nampangusa matope, na mmoja akasifu ndoa yetu.

"Unafanya nini?" Ruguru aliuliza, macho kwa mtoto.

"Nataka kujua kama mguu unasikia."

"Unasikia," alisema. "Unasikia vizuri. Hata sasa nasikia mkono wako, uko baridi."

Mkono wangu ulikuwa juu ya goti langu mwenyewe.

"Mama Mugendi," nilisema chini chini, "sijakugusa."

Akayaondoa macho kwa mtoto, akanitazama. Nimeishi na mwanamke huyu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na sijawahi kumwona na uso ule. Nyuma yetu walikuwa wanagawa uji na vikombe vinagongana.

"Basi gusa," alisema. "Lakini nikinyamaza, usiwaambie hawa."

Nikakishika kidole gumba, nikakifinya kwa ukucha, nikangoja. Nikashika kinachofuata. Nikavipitia vyote, nikarudi kwenye wayo, nikafinya kwa nguvu ya kuumiza, na yeye aliendelea kunitazama tu, akingoja nianze.

Nikamvalisha soksi, nikafunga kiatu. Ann akaniuliza kutoka mlangoni, kikombe mkononi, kama mguu wa mwenzake uko salama. Nikamwambia uko salama, ni matope tu, nikatoka nje kumpigia Mugendi simu alete gari kutoka mjini, tumrudishe mama yake hospitali.